Sisi Nasi ni Watalii



Sisi tukaao Richfield twazisikia ndege zikipita juu ya mapaa yetu mchana na usiku. Shule zitakapofungwa mwezi Juni, baadhi ya familia zetu zitapanda ndege hizo kwenda kuwasalimu wazee Unguja, Mombasa na Lamu. Kabla ya kupima uzito wa masanduku, twaomba tulizungumze jambo moja ambalo kwa desturi huwatwika Wazungu peke yao.

Tangu Zanzibar ilipowafungulia mlango wawekezaji wa kigeni katikati ya miaka ya 1980, hoteli zimejipanga kwenye fukwe za kaskazini na mashariki. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya nusu milioni, nayo sensa ya 2022 ilihesabu wenyeji wasiotimia milioni mbili. Vijana wengi wanaishi kwa kazi hizo, na mwenye kulikana hilo hasemi kweli. Lakini Nungwi, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi, hutokea mgeni akakatiza mbele ya msikiti na nguo za kuogelea. Na vijana wanaowaandama wageni mjini wenyeji wamewaita papasi, kama yule mdudu anyonyaye damu.

Hayo twayajua, na twayalaumu kila tukutanapo. Mimi nilikuwa hodari wa kulaumu mpaka nilipofika Paje na mwanangu wa miaka 15, aliyezaliwa huku.

Wanawake wa Paje wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Maji yakitoka, huenda kuufunga na kuuvuna wakiwa wameinama, nguo zimerowa. Mwanangu aliingia katikati yao, simu mkononi, akaanza kupiga picha. Bibi mmoja akainuka, akajitanda kanga vizuri, akasema: "Mwanangu, kwenu hamna salamu?" Kijana akajibu kwa Kiingereza. Bibi yule akanitazama mimi.

Nimelifikiri sana tazamo lile. Mgeni wa hoteli hulala nyuma ya ukuta, na wazee humwambia mtoto, "Muache, hajui." Watoto wetu hulala chumba kimoja na binamu zao na kula nao sinia moja. Wakivaa watakavyo, wakimjibu bibi huku macho yako kwenye simu, binamu huona kwamba hayo ndiyo maendeleo ya Marekani, tena yameletwa na damu yake. Mama wa nyumba ataona haya kuwakataza, kwa kuwa sisi ndio tunaopeleka fedha. (Hilo la fedha latutia kiburi kuliko tunavyokiri.)

Picha zile sikuruhusu zitumwe kwa mtu. Julai, inshallah, tutarudi Paje. Mwanangu anajifunza maamkizi kila jioni baada ya chakula, na safari yetu ya kwanza ufukweni itakuwa ya kwenda kumwomba radhi bibi yule.