Je, Wajua? Namba Ndogo Hupita Kwanza

Ndani ya magari mengi ya kisasa yanayopita Ukonga kwenye Barabara ya Nyerere, kompyuta ndogo za injini, breki na mifuko ya hewa huzungumza kwa nyaya mbili tu zilizosokotwa. Mfumo huo, CAN, ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na leo umo pia katika mashine za viwandani. Hauna msimamizi wa kugawa zamu, na naona hiyo ndiyo nguvu yake. Kila ujumbe huanza na namba yake. Vifaa viwili vikianza kwa pamoja, kila kimoja hutuma biti huku kikisikiliza waya, na sifuri huifunika moja; kinachotuma moja kikasikia sifuri hunyamaza. Ujumbe namba 100 ukikutana na namba 700, katika mpangilio wa biti 11, wa 700 hunyamaza kwenye biti ya pili tu, na wa 100 huendelea kana kwamba hapakuwa na mgongano.

Mtu atauliza: je, wa 700 hautasubiri milele? Ungesubiri, kama waya ungejazwa kupita kiasi. Ndiyo maana wabunifu hupangia kila ujumbe muda wa kurudiwa, na mfumo wa awali ukaweka kikomo cha baiti 8 za data kwa ujumbe. Hoja nzito zaidi ni kwamba ujumbe hauthibitishi aliyeutuma: kifaa kigeni kikiunganishwa kinaweza kujifanya breki, na CAN ya asili haina kinga ya hilo.