Santuri Isikilizwe Nzima

Msimu wa korosho uliopita tulikwama saa tatu pale Nanganga, ambapo msafiri atokaye Mingoyo huiacha njia ya Masasi akaelekea Ruangwa na Nachingwea. Kando ya barabara palikuwa na kijana mwenye kibanda, akiwauzia abiria nyimbo na kuwaingizia katika simu zao. Tulimwomba santuri nzima ya roki. Akacheka: "Wazee wangu, hapa watu hununua wimbo mmoja mmoja. Santuri nzima ataisikiliza nani?"

Swali hilo tunapenda kulijibu leo. Sisi si wataalamu wa muziki. Tu wasikilizaji wa kawaida. Lakini simu yetu ilikuwa na santuri tatu kamili, na basi letu halikuwa na dalili ya kuondoka.

Ya kwanza ilikuwa *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Imefumwa kama mkeka: wimbo huingia katika wimbo, na mapigo ya moyo yanayoifungua ndiyo yanayoifunga. Chomoa ukindu mmoja, mkeka umeharibika. Ya pili, *Nevermind* ya Nirvana ya mwaka 1991, mwanzoni ilituchosha kwa makelele. Tulipovumilia tuliona kuwa ghadhabu ile ina mpango, na mwishowe inatua katika wimbo wa kunong'ona wenye chelo, ala waijuayo vema wapenzi wa taarabu.

Ya tatu ni ya kwetu kwa kiasi fulani: *A Night at the Opera* ya Queen, iliyotolewa mwaka 1975. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ulimwengu unaujua wimbo mmoja tu wa santuri hiyo, ule wa karibu dakika 6. Asikilizaye yote hukuta pia hasira, mzaha, na mapenzi ya upole kabisa. Humjua mtu, si sifa zake tu.

Ndugu zetu wa visiwani tangu mwaka 2019 wana jumba la makumbusho ya msanii huyo huko Shangani. Ni jambo jema. Hata hivyo, tunajiuliza: wale ambao hawakuhama, kumbukumbu yao iko wapi?

Tuchukue mfano wa Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika. Santuri yao, *Ave Africa*, ilitoka mwaka 1976. Ilisahaulika hapa nchini kwa miaka mingi, hata kampuni ya ng'ambo, Strut, ilipoitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Mgeni ndiye aliyetukumbusha mali yetu.

Bendi nyingi hazikupata hata bahati hiyo. Zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikabaki katika kanda za redio bila ya kupata kuwa santuri. Kanda huchakaa. Joto na unyevu wa pwani havisubiri vikao.

Kwa hiyo tunawakumbusha wahusika, Bara na Visiwani, kwamba kuhifadhi kanda hizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzitoa kwa umma zikiwa zimekusanywa: bendi kwa bendi, mwaka kwa mwaka, na majina ya wapigaji yakiwa yameandikwa, na wao au warithi wao wakilipwa haki yao.

Hapo ndipo kijana wa Nanganga atakapokuwa na santuri nzima ya kuuza. Na wasikilizaji atawapata. Sisi tutakuwa wa kwanza.