Kutoka mseto hadi wingu: kompyuta za ofisi moja ya Rumonge

Ofisi moja ya mjini Rumonge ilituomba tuiandikie kwa Kiswahili maelekezo ya kurasa mbili kwa ajili ya wafanyakazi wake. Maelekezo waliyokuwa nayo yalikuwa katika Kifaransa cha mafundi, na wafanyakazi wenyewe husema Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni na mwaloni. Tulidhani kazi hiyo ingetuchukua siku moja. Ilituchukua wiki tatu, kwa sababu kabla ya kutafuta maneno ilitubidi kwanza kulielewa jambo lenyewe. Tunaona vema tuwashirikishe walimu wenzetu na wanafunzi yale tuliyojifunza.

Tuanze na hali ya zamani. Ofisi yenye kompyuta nyingi huwa na kompyuta moja kubwa iitwayo seva, ambayo huwekwa katika chumba chake. Ndani ya seva hiyo kuna daftari la majina. Kila asubuhi mfanyakazi anapoandika jina lake na nywila, kompyuta yake huiuliza seva: je, huyu ni wetu, na anaruhusiwa kufanya nini? Daftari lililoenea zaidi ni Active Directory ya kampuni ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000. Halina tofauti kubwa na daftari la mwalo ambamo huandikwa kila mtumbwi na mwenyewe.

Baadaye likaja daftari la pili, linalotunzwa kwenye intaneti, ambalo tangu mwaka 2023 linaitwa Entra ID. Ofisi nyingi hazikuliacha lile la kwanza, bali ziliyaunganisha yote mawili, na majina yakawa yananakiliwa kutoka seva hadi kwenye intaneti. Hali hii ndiyo tunayoiita mseto, neno ambalo wasomaji wetu wanalijua kutokana na kilimo mseto, pale muhogo unapopandwa kati ya michikichi. Shambani mseto ni baraka. Katika kompyuta ni usumbufu, kwani mashine inakuwa na mabwana wawili. Sheria za seva zinaweza kupingana na sheria zinazotoka kwenye intaneti. Aidha, mfanyakazi aliyeko Nyanza-Lac akipewa kompyuta mpya hawezi kuanza kuitumia hadi iifikie seva iliyoko Rumonge, ama kwa kuletwa ofisini ama kwa kupitia njia maalumu ya mtandao. Microsoft wenyewe sasa wanashauri kompyuta mpya ziingizwe moja kwa moja kwenye wingu.

Na wingu ni nini? Si kitu cha angani. Ni seva za watu wengine, katika majengo yaliyo mbali nasi, tunazozifikia kwa intaneti. Kompyuta inayosimamiwa na wingu tupu hupokea sheria zake kupitia huduma kama Intune, popote ilipo, almuradi mtandao upo.

Sababu ya ofisi ile kutaka kuhama ilikuwa ziwa. Kuanzia mwaka 2020 maji ya Tanganyika yalipanda, na mwaka 2024 yalivamia makazi na biashara za mwambao kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Chumba cha seva kilikuwa upande wa ziwani, na anayeona maji yakifika kizingitini hahitaji hotuba juu ya faida za wingu. Lakini wingu nalo lina hatari yake. Burundi haina bahari. Intaneti yetu hupita katika mkongo wa taifa, kisha katika nchi jirani, ndipo ifikie nyaya za baharini zilizoanza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Ukatikapo mkongo, au umeme ukizimika mnarani, ofisi hubaki peke yake.

Je, kazi husimama? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa woga au kwa kujiamini kupita kiasi. Mtu aliyekwisha kuingia katika kompyuta hiyo siku za nyuma ataingia tena, kwa kuwa mashine huweka kumbukumbu yake. Ataendelea na mafaili yaliyo ndani ya diski. Asichoweza ni kuingia kwa mara ya kwanza katika mashine mpya, wala kurudishiwa nywila aliyoisahau. Katika hali ya zamani seva ya chumba cha pili ingemsaidia hata bila intaneti. Basi anayehama ajue kwamba hilo analiacha.

Kuhama kwenyewe hakuna kitufe kimoja. Kompyuta ya mseto kwa kawaida hufutwa yote na kuanzishwa upya, ndipo iingizwe kwenye wingu. Kabla ya hapo mafaili yapelekwe mahali salama, na ufunguo wa diski iliyofungwa kwa BitLocker uhakikishwe umehifadhiwa. Vilevile itazamwe kama kuna programu ya zamani, hasa ya uhasibu, inayotegemea seva. Tena, kompyuta zote zikihama, majina ya watu bado yanaweza kuwa yanatoka kwenye seva. Anayeizima siku hiyohiyo kwa furaha atajuta, maana kuyahamisha majina ni hatua nyingine. Tuongeze kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba katika ofisi zetu hazikubaliki kwa Windows 11.

Sasa tuje kwenye lugha, maana huko ndiko nusura tuwaponze watu.

Mwanafunzi wetu mmoja, hodari kabisa, alitumia kitenzi *kusajili* kwa mambo matatu tofauti: kompyuta kujulikana tu na ofisi, kompyuta kuwa ya ofisi, na kompyuta kuwekwa chini ya usimamizi. Katika Kiswahili cha kila siku hakuna kosa. Lakini mashine iliyo chini ya usimamizi inaweza kufutwa kutoka mbali kwa amri ya ofisi, pamoja na picha za harusi zilizomo. Wafanyakazi wanne walikuwa wakitumia kompyuta zao binafsi, na sentensi yetu iliwaambia wote “wasajili kompyuta”, wakubali kila kisanduku watakachoonyeshwa. Kimojawapo huuliza kama unairuhusu ofisi kusimamia kifaa chako. Tuliyarudisha maandishi kabla hayajagawiwa, tukaandika *kutambulishwa*, *kuunganishwa* na *kusimamiwa*, kila neno na maana yake, na onyo kwa wenye kompyuta zao.

Kosa la pili lilitufurahisha zaidi. Tuliandika: “Siku ya Jumatatu kompyuta yako itafutwa.” Mama mmoja wa masjala alitushukuru sana, akasema kwa kweli ile yake ilikuwa na vumbi jingi. Tukabadilisha: “kila kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta kitaondolewa.” Ni sentensi ndefu, na fundi aliinung'unikia, lakini mama yule alipoisoma alisimama mara moja kwenda kunakili barua za miaka sita.

Wasomaji wenye umri wetu watakumbuka mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tulipofika huko kwa shahada ya uzamili, bado tulikuwa tukibishana juu ya *ngamizi* na *tarakilishi*. Ubishi huo ulikuwa mtamu, ila ulihusu majina ya vitu. Rumonge tulikwama katika vitenzi.

Hadi tunaandika, kompyuta saba kati ya kumi na tisa zimekwisha kuhama. Zilizobaki zinafanywa mbili kwa wiki, usiku, wakati mtandao una nafuu. Seva bado inawaka, imepandishwa juu ya meza, na majina yote ya watu bado yamo ndani yake.