Chapa, Sinia na Mfano: Istilahi za Meno Bandia Butembo na Beni

Meno bandia hutengenezwa nje ya kinywa, ilhali hayana budi kukaa vema ndani yake. Kwa hiyo tabibu huchukua kwanza chapa ya ufizi na ya meno yaliyosalia, kisha fundi humimina plasta katika chapa hiyo na kupata mfano. Istilahi hizi mbili zafaa zitenganishwe. Chapa ni umbo lililogeuzwa: penye jino pana shimo. Mfano hulirejesha jino mahali pake. Dhana hii si ngeni katika Kiswahili, kwani wahunzi na masonara wamesubu madini katika kalibu tangu zamani.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Butembo na Beni, ambako elimu ya tiba hutolewa kwa Kifaransa, ilhali wagonjwa wengi husema Kinande na Kiswahili. Neno sinia, kwa mfano, humkumbusha mgonjwa chombo cha kuandalia chakula. Yafaa aelezwe kwamba sinia ya chapa ni chombo kidogo cha chuma au plastiki, kilichopindwa kufuata taya, chenye mpini na, mara nyingi, matundu. Rojo hupenya matundu hayo na kushika, isije ikabanduka sinia inapotolewa.

Rojo itumikayo sana ni ya aljineti, unga utokanao na mwani wa kahawia. Matumizi yake yalienea hasa Vita Kuu ya Pili ilipokatiza agari iliyotoka Japani. Unga ukikorogwa katika maji, kalisi iliyomo huziunganisha nyuzi za aljineti, na rojo huganda kama mpira laini kwa muda wa dakika 2 hadi 5. Maji ya baridi huchelewesha kuganda. Ya moto huharakisha. Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hali yake ni ya ubaridi. Beni iko chini zaidi na ina joto. Fundi aliyezoea maji ya Butembo, asipopima joto la maji, huenda rojo ikamgandia Beni kabla sinia haijafika kinywani.

Chapa ya aljineti haidumu. Ikiachwa hewani hupoteza maji na kusinyaa, ikilowekwa huvimba. Husuuzwa mate na damu, hutiwa dawa ya kuua vijidudu, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na plasta humiminwa mapema. Mlipuko wa Ebola wa tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, ulioathiri sana miji hii miwili, ulithibitisha kwamba usafi huo si wa hiari. Silikoni hutunza umbo kwa siku kadhaa, lakini ni ghali.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na matokeo. Kati ya Beni na Butembo pana zaidi ya kilomita 50. Kinachofaa kusafirishwa ni mfano wa plasta, si chapa ya aljineti. Atakayetuma kimoja badala ya kingine atarudishiwa meno yanayochubua ufizi, na mgonjwa atakuwa amelipa bure.

Aidha, mgonjwa mwenye sinia kinywani hawezi kuuliza swali. Maelezo yote hayana budi kutangulia, kwa lugha anayoielewa: apumue kwa pua, ainamishe kichwa mbele, asiume.