Abiria, Sema Mapema: Somo la Utafiti wa Matatu za Kenya

Ikiwa uko Lugulu, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini au Kitale, au hata kule Bungoma mjini, mada ya leo inakuhusu moja kwa moja, kwa sababu leo au kesho huenda utapanda matatu. Nawe unayesoma mazungumzo haya katika kijitabu hiki, wasomee wenzako pale nyumbani au katika kikundi chenu.

Tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo na maji safi. Leo tunazungumza juu ya ajali za barabarani. Pengine utauliza, je, ajali nayo ni ugonjwa? Tazama hesabu kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizi. Hapa Kenya, katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani. Ongeza waliovunjika miguu, walioumia uti wa mgongo au kichwa, na jamaa zao waliouza ng'ombe au kuitisha mchango ili kulipa gharama za hospitali. Kitu kinachofanya hivyo kinatuhusu sisi tunaozungumza juu ya afya.

Na kama ilivyo kwa malaria, ajali nazo zina sababu na zina kinga. Watu wengi husema, "Siku yake ilikuwa imefika." Lakini hebu tuangalie sababu moja kubwa, yaani mwendo wa kasi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kwa sekunde moja. Likienda kilomita 110 kwa saa, hupita zaidi ya mita 30 kwa sekunde hiyo hiyo. Sasa fikiria dereva anaona mbele yake trekta iliyobeba miwa, bila taa, saa moja jioni. Kabla mguu wake haujafika kwenye breki, sekunde nzima inaweza kuwa imepita, na mita 30 za barabara zimekwisha. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mgongano huongezeka mara 4. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi.

Serikali ililiona jambo hili. Mnamo Februari 2004 zilianza kutekelezwa zile sheria ambazo wananchi waliziita "sheria za Michuki", kwa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Matatu zilitakiwa ziwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano, na abiria wasiozidi idadi ya viti. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, NTSA. Lakini sote tunajua kwamba polisi hawezi kukaa katika kila kona ya barabara ya Webuye hadi Kitale. Gari likishapita kizuizi, ndani hubaki dereva, makanga na abiria. Je, nani atamwambia dereva apunguze mwendo?

Hapo ndipo utafiti ninaotaka kukueleza ulipoanzia. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijiuliza swali rahisi. Ndani ya matatu kuna watu 14 ambao maisha yao yako hatarini, na wote wanaona dereva anavyoendesha. Mbona hawasemi?

Msikilizaji, wewe unalijua jibu. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Mama aliyeketi nyuma anafikiri, "Yule mzee wa mbele ataongea." Mzee naye anafikiri, "Mbona hawa vijana wananyamaza? Labda ni mimi tu ninayeogopa." Anayethubutu kusema anajibiwa na makanga, "Kama hutaki, nunua gari yako!" Basi wengine wanacheka, naye anatazama dirishani. Kwa hiyo watu 14 wenye hofu moja wanasafiri kimya, kila mmoja akiwa peke yake na hofu yake.

Watafiti walitaka kujua kama kimya hicho kinaweza kuvunjwa. Hawakufanya kazi hiyo peke yao. Walishirikiana na wenye matatu na madereva, na kampuni za bima zikatoa kumbukumbu za madai ya ajali. Walichukua zaidi ya matatu 1,000 za safari ndefu, wakabandika ndani yake stika zenye picha za kutisha na maneno ya kumhimiza abiria aseme dereva anapohatarisha maisha. Matatu nyingine za aina hiyo hiyo hazikubandikwa chochote. Ili stika zisibanduliwe, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki, ambapo dereva aliyekutwa na stika zake zikiwa mahali pake aliweza kushinda zawadi ya pesa.

Kwa nini matatu nyingine ziliachwa bila stika? Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia ataelewa upesi. Ukitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, huiweki shamba zima. Unaiweka upande mmoja, upande mwingine unaacha, mvua ni ile ile na mbegu ni ile ile. Wakati wa kuvuna ndipo unalinganisha. Na zile sehemu huzichagui kwa kupendelea ardhi nzuri. Vivyo hivyo, matatu za kubandikwa stika zilichaguliwa kwa bahati, si kwa kutafuta madereva wapole. Nayo matokeo hayakupimwa kwa maneno ya dereva kwamba ameacha kukimbiza gari, bali kwa madai yaliyofika kwenye kampuni za bima.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Bila stika, kwa kila matatu 100, madai yapatayo 10 ya bima yalikuwa yakitolewa kwa mwaka. Katika matatu zenye stika, madai hayo yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Madai ya ajali zilizojeruhi au kuua watu yalipungua kwa angalau asilimia 60. Miezi 8 baada ya kazi kuanza, madereva waliulizwa maswali, na majibu yao yalionyesha kwamba kelele za abiria zilichangia.

Wengine walisema, "Hayo ni magari machache, labda ni bahati tu." Basi utafiti ukarudiwa kwa ukubwa zaidi. Mara hii utafiti ulihusisha matatu zipatazo 12,000, zenye stika na zisizo na stika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Zusha. Unajua maana yake: zusha, leta maneno, usikubali kunyamaza. Mara hii madai ya bima yalipungua kwa robo hadi thuluthi moja, na ajali zikawa pungufu kwa 140 kwa mwaka kuliko zilivyotarajiwa. Stika zilizofanya kazi vizuri zaidi ni zile zilizowaambia abiria waseme kwa pamoja, na picha za kugutusha nazo zilisaidia. Magari yenye stika yalienda polepole zaidi kwa kilomita 1 hadi 2 kwa saa. Utasema hiyo ni tofauti ndogo, lakini kumbuka ile asilimia 1 tuliyoitaja, inavyogusa maisha ya watu. Gharama pia haikuwa kubwa. Kwa stika zilizofaa zaidi, ilikadiriwa kuwa dola 10 hadi 45 za Marekani kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa.

Sasa sikiliza jambo ambalo sisi watu wa redio hatuna budi kulisema waziwazi. Pamoja na zile stika, kulikuwa pia na matangazo ya redio. Watafiti walipopima, hawakuona kwamba matangazo hayo yalipunguza ajali. Walieleza kwamba kipimo chao cha redio hakikuwa na nguvu kama kile cha stika, lakini hata hivyo tofauti haikuonekana.

Mimi nalichukua hilo kuwa somo. Redio unaisikia ukiwa jikoni, dukani au unapokama ng'ombe. Dereva anapopita gari jingine kwenye kona, redio haipo kukushika mkono. Stika ilikuwa pale pale, mbele ya macho ya abiria wote, wakati ule ule wa hatari. Kila mmoja aliisoma, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake pia ameisoma. Kwa hiyo mazungumzo haya ya leo hayatamwokoa mtu yeyote kama utayasikiliza, ukatikisa kichwa, kisha ukapanda matatu na kunyamaza. Yatafaa tu ikiwa utaondoka nayo na kuingia nayo ndani ya gari.

Basi tujifunze namna ya kusema. Kwanza, sema mapema. Usingoje mpaka gari limeanza kuyumba. Pili, sema kwa heshima, kwa sababu dereva aliyetukanwa hukasirika, na dereva mwenye hasira ni hatari. Mzee anaweza kusema, "Kijana wangu, punguza mwendo, tufike salama." Kijana anaweza kusema, "Ndugu dereva, tafadhali, hatuna haraka hiyo." Tatu, na hili ndilo kubwa, usimwache mwenzako peke yake. Mama mmoja akisema, wewe itikia: "Ni kweli dereva, mama amesema vizuri." Sauti moja makanga ataifanyia mzaha. Sauti tano hawezi kuzicheka. Nne, mkisema naye asisikie, mwambieni asimame mahali penye watu, mshuke, kisha mtoe habari kwa sacco ya gari hilo au kwa polisi, mkitaja nambari ya gari. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Na wewe abiria pia jichunge. Usimwambie dereva, "Endesha, nimechelewa." Usikubali kuketi mtu wa nne katika kiti cha watu watatu, wala kubanwa kwenye buti ya Probox. Funga mkanda. Mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa hadi asilimia 50, lakini ukining'inia kando ya kiti haumsaidii mtu.

Kwa mpanda bodaboda, abiria ni mmoja au wawili tu, lakini haki ya kusema ni ile ile. Kabla hujapanda, mwambie mwendeshaji mwendo unaoutaka. Itisha helmeti na uifunge kidevuni. Ukiona ananuka pombe, mwache aende zake, tafuta mwingine. Na usikubali mtoto wako abebwe na wenzake wanne kwenye pikipiki moja kwenda shule, hata kama nauli ni nafuu.

Ndugu dereva, ikiwa nawe unatusikiliza, usichukulie kwamba tunakupiga vita. Ajali haichagui kiti, na wewe ndiwe wa kwanza kukutana nayo. Abiria anayesema anailinda pia familia yako. Mwenye gari naye, ukimpangia dereva kiasi cha pesa kisichoweza kupatikana bila kukimbiza gari, basi na wewe unashikilia ule usukani.

Tukumbuke mambo haya:
1. Ajali zina sababu na zina kinga, na mwendo wa kasi ni sababu kubwa.
2. Utafiti uliofanywa katika matatu zetu hapa Kenya ulionyesha kwamba abiria wakihimizwa kusema, ajali hupungua.
3. Sema mapema, sema kwa heshima, na muunge mkono anayesema.
4. Funga mkanda, vaa helmeti, kataa kujazana.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ni nini hutufanya tunyamaze tukiwa ndani ya matatu?
2. Tungependa kutumia maneno gani kumwambia dereva katika lugha yetu ya nyumbani?
3. Ni sacco gani zinazohudumia steji yetu, na tunaweza kuzungumza na viongozi wao lini?

Kwa leo tunakomea hapo, msikilizaji. Ukifika steji kesho asubuhi, mwambie jirani yako wa kiti ulichosikia, ili mkianza safari muwe tayari wawili. Safari njema, na afya njema.