Tumelipa kutazama mpira, si kuuziwa jakipoti

Umelipa chwani yako mlangoni. Umebanwa kwenye benchi la mbao katikati ya dereva wa lori anayeelekea Lokichoggio na kijana wa boda ambaye bado ana vumbi la barabara kwenye kope. Mechi iko dakika ya themanini na kitu, kona inataka kupigwa, na ghafla uwanja unanywea. Unasukumwa pembeni mwa skrini kama mgeni ambaye hakualikwa, na nafasi iliyobaki inajaa rangi, namba ya kulipia na sauti ya mtu anayekufokea kwamba leo ni siku yako ya kuwa milionea. Kona imepigwa? Imeokolewa? Uliza jirani. Naye alikuwa anatazama tangazo kama wewe.

Najua, kama uko Nairobi au Nakuru utaniambia hilo ni jambo dogo. Una rimoti mkononi, una simu ya pili, una bando, ukikosa bao utaliona mtandaoni kabla wachezaji hawajamaliza kulisherehekea. Sasa njoo Kalemng'orok, mtu wangu. Ni kituo kidogo cha Turkana Kusini kwenye barabara kuu ya A1, baada ya kupita Kainuk na kabla hujafika Lokichar. Malori ya Lodwar, Kakuma na Sudan Kusini yanapita hapa, mengine yanalala hapa. Mimi ni wa Lodwar, lakini wikendi nyingi shughuli hunitupa huku, na ikifika jioni mahali pa kwenda ni pamoja tu: ukumbi wa video wa mabati. Watanzania wanauita kibanda umiza, na ukikaa humo saa mbili na joto letu utajua hilo jina halikutungwa na mshairi.

Runinga ya humo inakula sola na betri. Betri zikichoka, jenereta. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu kila nusu dakika ya tangazo ni petroli inayoungua ambayo mwenye ukumbi ameinunua, na mimi na wewe tumeilipia mlangoni. Bwawa la Turkwel, lenye mitambo ya megawati 106, liko upande huo huo wa Kainuk, mpakani na Pokot Magharibi. Tangu miaka ya 1990 umeme wake umekuwa ukipanda nguzo kwenda kwenye gridi ya taifa, huku watu wanaoishi karibu na bwawa wakitazama nyaya zikipita. Kwa hiyo mtazamaji wa huku analipia skrini kuliko wa mjini. Basi angalau auziwe kitu cha maana, sivyo?

Haya, cheki tunachouziwa. Nyumba za vyumba vitatu viungani mwa Nairobi. Intaneti ya waya ya kasi ya ajabu, na chini kabisa, kwa herufi za mchwa, kwamba inapatikana kwenye mitaa fulani tu. Chakula kinachofikishwa mlangoni pako kwa nusu saa. Maziwa ya pakiti yanayomiminwa kwenye glasi na mama anayetabasamu jikoni kwenye vigae vyeupe, na wanaoyatazama ni watu wenye ngamia! Wazee huwa wanacheka kwanza. Halafu mmoja anamgeukia kijana aliyesoma na kumwuliza huyo wa kwenye skrini anauza nini hasa, kwa sababu tangazo lenyewe ni Kiingereza kidogo na Sheng' ya Eastlands. Kijana anaanza kueleza. Kabla hajamaliza, tangazo hilo hilo limerudi mara ya pili.

Sisemi matangazo yafutwe. Mpira wa bure haupo, mtu lazima aulipie, na haki za kuonyesha mechi ni ghali. Kule Marekani kuna watu wanaowasha runinga siku ya Super Bowl kwa ajili ya matangazo yenyewe. Mwaka 2025 nafasi ya nusu dakika iliuzwa hadi dola milioni 8, yaani zaidi ya Sh1 bilioni za kwetu. Kwa pesa hizo kampuni inatafuta waigizaji, inaandika kichekesho, inajikaza. Na bado kesho yake watu wanalalamika kwamba mwaka huu matangazo yalikuwa mabovu. Fikiria hao wana haki ya kulalamika kuhusu kichekesho kisichochekesha. Sisi hata kichekesho hatujaletewa.

Kuna tangazo moja tu ambalo linafika Kalemng'orok kamili, na unalijua. Nyumba haifiki, intaneti ya waya haifiki, chakula hakifiki. Kamari inafika. Inahitaji simu ya kitufe na salio la M-Pesa, na hivyo viwili vipo. Kijana ameuza gunia la makaa au amebeba abiria tangu asubuhi, ana mia tatu mfukoni, na katikati ya mechi anaambiwa kwamba dau bado liko wazi, mechi inaendelea, weka sasa. Tangazo linalofuata linamwambia anaweza kukopa kwa simu bila karatasi wala mdhamini. Mpangilio huo nimeuona mara nyingi mno kuamini kwamba ni bahati mbaya. Wa kwanza anakutoa pesa, wa pili anakungoja nje.

Na mfano wanaokupa ni yule yule mshindi. Ni kweli kwamba Mei 2017 Mkenya mmoja alishinda jakipoti ya zaidi ya Sh221 milioni, na habari hiyo ikazunguka nchi nzima. Lakini mshindi mmoja akishatangazwa, hakuna anayerekodi tangazo la watu waliochanga hizo milioni. Hao ndio waliojaa kwenye benchi letu.

Serikali haikunyamaza kabisa, tuseme ukweli. Mwezi Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikilalamika hasa kuhusu yale yanayorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, wakati ambapo watoto wanatazama. Mwezi uliofuata ukaja mwongozo mpya: mastaa na mainfluensa wasitumike kuipamba kamari, na kila tangazo lipitie kwanza kwa bodi inayoainisha filamu, KFCB. Agosti mwaka huo huo Rais Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari. Kwenye karatasi, safi.

Ila hebu angalia saa yako. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa nne usiku kwa saa zetu, na majira ya huko yakibadilika, saa tano. Yaani mlango wa ulinzi unafungwa dakika ile ile ambayo mechi kubwa inafunguliwa. Sheria inadhani saa nne usiku mtoto yuko kitandani. Huyo mtoto wa miaka kumi na minne yuko mstari wa mbele, amekalia mtungi wa plastiki, ameingia kwa kumsaidia mwenye ukumbi kubeba betri. Hakuna aliyemuuliza umri.

Waingereza, ambao ndio wenye ligi tunayoifia, walilifikiria hili kwa njia nyingine. Tangu Agosti 2019 kampuni za kamari za huko zilikubaliana zisitangaze kwenye runinga kuanzia dakika tano kabla ya mechi ya moja kwa moja hadi dakika tano baada ya kuisha, ikiwa mechi imeanza kabla ya saa tatu usiku. Wanaiita kipenga hadi kipenga. Mbio za farasi ziliachwa nje, na mimi sina farasi. Klabu za Ligi Kuu nazo zilikubaliana Aprili 2023 kwamba baada ya msimu wa 2025/26 hakutakuwa na jina la kampuni ya kamari kifuani mwa jezi. Mikono ya jezi bado inaruhusiwa, wajanja ni wajanja. Lakini umeelewa ninakokwenda? Jioni ya Jumamosi, mtoto wa Liverpool anatazama mechi ya Liverpool bila tangazo la kamari mapumzikoni, na mpango huo haumlindi mtoto wa Kalemng'orok anayetazama mechi hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo.

Usidhani pia kwamba Waingereza hawajawahi kuumizwa na matangazo. Februari 2009, Everton na Liverpool walikuwa muda wa nyongeza katika Kombe la FA, na ITV ikakatiza na kurusha tangazo la peremende za Tic Tac. Picha iliporudi, Dan Gosling alikuwa ameshafunga na Everton wanakumbatiana. Mwaka uliofuata, Juni 12, 2010, England dhidi ya Marekani kwenye Kombe la Dunia kule Rustenburg, dakika ya nne tu, waliokuwa wakitazama chaneli ya ITV ya picha kali wakaonyeshwa tangazo la Hyundai wakati Steven Gerrard anafunga. Mara zote mbili kituo kiliomba radhi hadharani. Hiyo ndiyo tofauti. Hapa kwetu nikikosa bao kwa sababu ya tangazo, nitamwandikia nani?

Sasa subiri Kombe la Dunia la 2026. Fifa imetangaza kwamba katika kila mechi, kuwe na joto au baridi, mwamuzi atasimamisha mchezo karibu na dakika ya 22 ya kila kipindi, dakika tatu, ili wachezaji wanywe maji. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii: dakika sita kwa mechi, mara mechi 104, ni dakika 624. Zaidi ya saa kumi za maji. Dakika tatu zinaingiza matangazo sita ya nusu dakika. Unadhani televisheni zitaziacha hizo dakika zipite hivi hivi zikituonyesha chupa? Na mechi ya ufunguzi kule Mexico City, Juni 11, imepangwa saa nne usiku kwa saa zetu. Fainali ya Julai 19, saa nne usiku pia. Ile saa yetu ya mlango kufungwa. Kipenga hadi kipenga ingetufaa kabla ya siku hiyo, na haingehitaji kujali ni saa ngapi.

Kuna mtu mmoja huku ambaye ameshaelewa biashara ya matangazo kuliko hizo kampuni zote. Ni mwenye ukumbi. Mapumziko yakifika, anabonyeza rimoti na kuzima sauti. Anasimama mbele ya skrini, kivuli chake kikiwa juu ya yule jamaa wa mamilioni, na kuanza kutangaza mwenyewe kwa Kiturkana na Kiswahili. Lori la kwenda Lodwar linaondoka alfajiri, nafasi ziko mbili. Kuna mbuzi mwekundu mwenye sikio lililokatwa hajaonekana tangu jana. Paneli ya sola inauzwa, haina ufa, aulizwe fundi wa simu. Mama fulani ana unga umefika leo kutoka Kitale.

Ukumbi mzima unanyamaza. Wazee hawaulizi mtu awatafsirie. Anayeondoka alfajiri anainua mkono. Ni dakika moja na nusu, bei iko wazi, kitu chenyewe kipo hatua mia moja kutoka mlangoni, na hujawahi kusikia mtu akilalamika kwamba tangazo limemharibia mpira. Akimaliza anarudisha sauti, timu ziko uwanjani.

Juzi nilimweleza kuhusu hizo dakika tatu za maji za Kombe la Dunia. Alidhani namtania, kwamba watu watasimamisha fainali wakanywe maji. Alipoamini, swali lake la kwanza lilikuwa kama anaweza kuanza kuuza hiyo nafasi ya dakika ya 22. Mama wa unga ameshaomba ya ufunguzi.