Mbwa koko kagongwa: unaanzia wapi?

Hali hii wengi wenu mnaijua. Daladala limepita, mbwa koko kalala pembeni ya lami analia, watoto wamemzunguka. Mmoja kashika jiwe, mwingine anataka kumbeba. Leo tunaongea na huyu wa pili, maana ndiye aliye hatarini zaidi.

Mbwa mwenye maumivu hang'ati kwa sababu ni mkali. Anang'ata kwa sababu anaumia na hakujui. Hata mbwa wa kwenu, aliyekuzoea tangu mdogo, akivunjika mguu anaweza kumng'ata anayemlisha. Kwa hiyo usimkimbilie wala kumwinamia usoni. Mwite mtu mzima. Simama pembeni, ongea kwa sauti ya chini, waambie wenzako warudi nyuma. Halafu mwangalie vizuri kabla hujanyoosha mkono.

Anatokwa na udenda mwingi? Taya limelegea? Anayumba, anauma vijiti na mawe, sauti imebadilika? Huyo acha! Usimguse hata kwa fimbo. Ondoa watoto, kamwite bwana mifugo. Inawezekana ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye mate, huingia kwa njia ya jeraha, kisha hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Tena mbwa anaweza kuwa na virusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo ile ya "mbona alikuwa mzima tu" haikusaidii kitu.

Umeng'atwa? Sema! Tunajua kwa nini vijana wananyamaza: "Nilitumwa dukani, mama akijua nilikuwa nachezea mbwa atanichapa." Bora uchapwe. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, si kumwagia tu. Usipake pilipili, jivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko mdogo au alikulamba penye kidonda. Habari za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi unachomwa mkononi, sindano chache, kwa tarehe utakazopangiwa, na usiruke hata moja. Zahanati wakikuambia chanjo haipo, uliza ipo wapi. Usirudi nyumbani ukalala.

Haya, tuseme mbwa wetu hana dalili hizo. Yule mtu mzima afunge mikono kwa nguo nene, kisha amfunge mbwa mdomo kwa kipande cha khanga: azungushe juu ya pua, apishanishe chini ya kidevu, afunge nyuma ya masikio. Mbwa anayetapika au anayehema kwa shida hafungwi mdomo. Mlazeni kwenye ubao, maana kama uti wa mgongo umevunjika, kumnyanyua kwa miguu ni kummaliza. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi dakika tano mpaka kumi, bila kuchungulia kila mara.

Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Wapo mafundi wa mtaani watakaokushauri umpake oili chafu ya gari. Kataa. Inaunguza ngozi, na akijilamba ni sumu tumboni. Vidonge vyetu vya maumivu navyo usimpe. Ibuprofeni inaweza kumuua.

Kwa ndugu zetu Waislamu wa pwani: mate ya mbwa ni najisi na kuosha kwake mnakujua, lakini ile hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu nayo mnaijua.

Matibabu yenyewe ni ya bwana mifugo wa kata, au hospitali ya wanyama kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mguu usipopona unaweza kukatwa. Msimhurumie sana, mbwa wa miguu mitatu anakimbia na kuruka mitaro kama wengine. Kinachohitajika zaidi ni mahali pakavu pa kulala, maji safi, dawa ya minyoo na kupe, na chanjo ya kichaa kabla hamjamwachia mtaani. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita, na mbwa koko naye anahesabiwa humo. Chanjo hiyo iandikiwe kadi. Tarehe ya kurudia mnayo ninyi, yeye hawezi kuikumbuka.